Namna ya Kusanifu Njia ya Samaki kwenye Vizuizi vya Mito: Mwongozo kwa Mito Inayoingia Hori za Mombasa

Mito inayoishia katika hori zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa si mikubwa. Kombeni na Tsalu hushuka kutoka upande wa Rabai na kuingia hori ya Tudor, Mwache na Cha Simba humwaga maji upande wa Port Reitz, na vijito vingi vinavyoilisha hukauka kabisa kiangazi kikikaza. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba humo hamna samaki wa kuhangaikiwa. Barabara zinapojengwa, makalvati (mabomba au masanduku ya kupitishia maji chini ya barabara) hulazwa na drifti (vivuko vya zege ambavyo maji hupita juu yake) humwagwa zege bila mtu kuuliza ni nini kilichokuwa kikipita pale. Mwongozo huu ni kwa mafundi, wahandisi wachanga, kamati za maji na vikundi vya wavuvi wanaotaka kurekebisha kizuizi kilichopo, au kujenga kipya bila ya kuufunga mto. Nimekaa zaidi kwenye sehemu ya chini ya njia, pale samaki anapoingilia, kwa kuwa ngazi ya samaki (vidimbwi anavyovipanda kimoja kimoja) inaweza kuwa na vipimo sahihi kutoka juu hadi chini na bado ikakaa tupu kwa sababu samaki hawakuuona mlango wake.

Hatua ya 1: Wajue samaki na wakati wao wa kupanda

Samaki wa mito yetu hawapandi kwa namna moja. Mkunga wa maji baridi, wa jenasi Anguilla, huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, huletwa na mikondo akiwa mdogo na mwangavu, huingia mtoni pamoja na maji ya kujaa, hukua huko kwa miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja na kufa. Kamba wa mtoni hutofautiana naye kidogo: wakubwa huishi juu kwenye maji baridi, lakini mabuu yao huhitaji maji yenye chumvi kidogo ili yakue, hivyo ni watoto, wenye urefu wa sentimita chache tu, wanaolazimika kuupanda mto. Mkizi na mwatiko huingia kutafuta chakula na kwa kawaida hawaendi mbali na mlango wa mto. Kambare husubiri mafuriko, akapanda kwenda kutaga mahali palipofurika kwa muda, kwenye majani yaliyozama.

Kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni kwamba samaki anaweza kuchomoka kwa kasi ya takriban mara 10 ya urefu wa mwili wake kwa sekunde, lakini kwa sekunde chache tu, na baada ya hapo hana budi kupumzika. Kwa mwendo anaoweza kuudumisha, hesabu mara 2 hivi. Samaki wa sentimita 10, basi, ana mita 1 kwa sekunde ya kuchomokea, na wa sentimita 5 ana nusu yake. Maandiko mengi ya usanifu yametungwa kwa ajili ya samoni wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambaye ni mkubwa, ana nguvu na huruka. Ukivinakili vipimo vyake utapata ngazi ya kupendeza macho ambayo kambare wa kiganja hataimaliza.

Orodha ya samaki haipatikani ofisini peke yake. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina makao yake makuu papa hapa Mombasa na ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini wanaotega mtoni ndio wanaojua saa na pembe. Waulize kwa adabu na kwa undani. Ukiuliza kama kuna samaki, utajibiwa ndiyo au hapana, ukisema, “Shikamoo mzee, mvua za kwanza zikinyesha, watoto wa mkunga huwaona wapi, na ni mchana au usiku?” utapata mahali, msimu na saa kwa jibu moja. Kwa mito hii, tarajia shughuli kubwa wakati wa masika, kati ya Machi na Juni, na tena wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Hatua ya 2: Pima kizuizi, kisha pima maji

Kinachomzuia samaki ni tofauti ya kimo kati ya uso wa maji ya juu na uso wa maji ya chini, wala si urefu wa ukuta wenyewe. Kuipima tofauti hiyo hakuhitaji mashine ya gharama: mpira mwangavu uliojazwa maji, ule mafundi wautumiao kusawazisha msingi, pamoja na fimbo mbili zenye alama za sentimita, unatosha kwa vizuizi vidogo, mradi mpira usiwe na mapovu ya hewa ndani yake. Pima pia kina cha dimbwi lililo mguuni mwa ukuta, kina cha maji yanayopita juu ya zege, na upana wa mto mahali ambapo haujaguswa na ujenzi.

Kiasi cha maji kinaweza kukadiriwa kwa chungwa. Chungwa huelea huku sehemu kubwa ya mwili wake ikiwa majini, kwa hiyo upepo hausukumi sana. Chagua kipande kilichonyooka cha mita 10, liachie chungwa mara kadhaa, pima muda, upate kasi ya wastani; kisha zidisha kasi hiyo kwa eneo la mkato wa mto na kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini. Rudia kazi hii mto ukiwa katika hali tatu: wakati maji yamepungua sana, wakati wa mtiririko wa kawaida wa msimu, na wakati mafuriko yanaposhuka. Hali ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kwa mito ya msimu, kwa kuwa samaki wengi hupanda katika siku hizo chache, na ngazi isiyofanya kazi siku hizo imekosa mwaka mzima.

Ikiwa kizuizi kiko karibu na hori, weka alama za maji wakati wa bamvua, yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapobadilika kidogo. Hapa Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, hivyo ukuta unaoonekana mrefu saa ya kupwa huenda usiwe kizuizi hata kidogo maji yakijaa. Nimeona michoro iliyopimwa saa moja tu ya asubuhi moja, nayo ilipendekeza ngazi ndefu mahali ambapo pengo dogo lingetosha.

Hatua ya 3: Uliza kama kizuizi chenyewe kinahitajika

Njia bora ya samaki ni mto ulio wazi. Drifti ya zamani iliyoachwa baada ya barabara kuhamishwa, au ukuta mfupi wa mradi wa umwagiliaji uliokufa, ubomolewe, kwa mpango na kwa awamu ili mchanga uliolundikana nyuma yake usiteremke wote kwa pamoja na kuifunika mikoko. Kwa upande wa bahari, watu wa Mombasa wameliona jambo la jinsi hii kwa macho yao: tuta la Makupa, lililokuwa likizuia maji kupita kati ya upande wa Tudor na upande wa Port Reitz, lilibadilishwa kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2022. Ikiwa kizuizi kina kazi na lazima kibaki, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Anza na makalvati na drifti

Hivi ndivyo vizuizi vingi vya eneo letu, na hivi ndivyo vinavyorekebishika kwa fedha kidogo. Simama chini ya kalvati siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, maji yanapoanza kuwa mepesi. Utaona maji yakitoka kwenye bomba, yakianguka nusu mita, na yakiwa yamechimba dimbwi chini yake. Ndani ya dimbwi samaki wadogo wamejipanga vichwa vikielekea mdomo wa bomba. Mmoja huruka, hugonga ukingo wa zege, huanguka, hurudi kwenye safu. Yangeyange amesimama pembeni na hana haraka yoyote. Ukirudi usiku na kumulika ubavuni mwa ukuta, mahali palipolowa tu, huenda ukawaona watoto wa mkunga wamejibandika wakipanda kidogo kidogo, mpaka pale unyevu unapokatika.

Kasoro za kalvati ni nne: mdomo ulioning'inia, maji membamba mno, kasi kubwa, na urefu usio na mahali pa kupumzikia. Chukua bomba la mita 12 ambalo maji yake huenda mita 0.6 kwa sekunde. Samaki wa sentimita 10 anayechomoka kwa mita 1 kwa sekunde husogea mbele mita 0.4 tu kila sekunde. Akiwa na pumzi ya sekunde 15, atafika mita 6 na kurudishwa nyuma. Bomba hilo halina maporomoko yoyote, mkaguzi atalipitisha, lakini kwa samaki huyo limefungwa.

Kwa kalvati jipya, tumia la sanduku lenye upana usiopungua upana wa mto, na ulizamishe sakafu yake chini ya kitanda cha mto ili mchanga na kokoto za asili zilale ndani yake. Bomba likiwa ndilo pekee linalopatikana, lizamishe kwa robo ya kipenyo chake: bomba la mita 1.2 lilale sentimita 30 chini ya mchanga. Mwambie fundi sababu yake mapema, kwa maana fundi asiyeelezwa atalinyanyua akidhani amekusaidia.

Kwa kalvati lililopo, inua maji ya chini badala ya kulishusha bomba. Jenga mteremko wa mawe kuanzia mdomoni kuelekea chini, wenye mwinamo wa 1 kwa 20 hadi 1 kwa 30. Kwa anguko la nusu mita, hiyo ni mita 10 hadi 15 za mawe. Mawe makubwa yafumane, yazikwe theluthi moja au zaidi, na nafasi kati yake zijazwe kokoto, mchanga na udongo mpaka maji yalazimike kupita juu. Jambo hili husahauliwa mara nyingi: mteremko uliopangwa mawe matupu huyameza maji yote kiangazi, na samaki hukuta rundo kavu huku mto ukipita chini yake. Ndani ya bomba, funga vipande vifupi vya kuvunja kasi kila baada ya mita moja au mbili, vikiachwa na pengo upande mmoja. Nyuzilandi wametumia kamba za kufugia kome, zile zenye nyuzi zilizosambaa, wakazilaza ndani ya makalvati ili samaki wadogo na kamba wa mtoni wapandao wapate cha kushikilia. Ni mbinu ya bei nafuu kwa spishi ndogo, ila ifungwe imara juu na chini, la sivyo mvua ya kwanza itaipeleka Tudor.

Drifti hueneza maji yakawa na kina cha vidole viwili. Chonga katikati yake mfereji mpana ulioinama taratibu, wa kina cha sentimita 20 hivi, ambao lori litaupita bila shida na ambao maji ya mwisho ya msimu yatajikusanya humo.

Hatua ya 5: Kwa ukuta mrefu zaidi, chagua aina ya njia

Palipo na nafasi ya ardhi, kijito cha kuzunguka kizuizi, chenye mwinamo mdogo na kitanda cha mawe, ndicho ninachokipendelea, kwa kuwa samaki wa kila aina hukipita, hata wale ambao hukuwafikiria. Pasipokuwa na nafasi, ngazi ya vidimbwi yenye mianya wima ndiyo inayofuata: kila ukuta wa ndani una mwanya kutoka sakafuni hadi juu, hivyo samaki hupita kwa kina akipendacho, na kimo cha maji kikipanda au kushuka ngazi huendelea kufanya kazi. Aina hii ilijipatia sifa Hells Gate, kwenye mto Fraser nchini Kanada, ambako njia zilizojengwa miaka ya 1940 ziliwarudishia samoni mto uliobanwa na maporomoko ya mawe ya mwaka 1914. Mfereji wa Denil, uliobuniwa na mhandisi Mbelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, ni mwembamba na mkali. Huwafaa samaki wakubwa wenye nguvu, na kwa mito yetu nisingeushauri.

Mkunga apewe njia yake: ubao ulioinama, uliofunikwa kwa brashi ngumu au vinundu vya plastiki, na unaotiririshiwa maji kidogo tu. Ni kazi ya fundi mmoja, na inaweza kufungwa kando ya ngazi yoyote.

Kwa mabwawa marefu sana, kama lile la Mwache katika kaunti ya Kwale, lililosanifiwa kwa kimo kinachopita mita 80, ngazi ya vidimbwi si suluhisho la vitendo. Huko hufikiriwa kunasa samaki chini na kuwasafirisha juu, pamoja na ratiba ya kuachia maji, na hilo ni somo la peke yake.

Hatua ya 6: Fanya hesabu

Tuchukue ukuta wenye tofauti ya mita 1.2. Kasi ya maji kwenye mwanya hutokana na tofauti ya kimo kati ya kidimbwi na kidimbwi: ni kipeuo cha pili cha zao la 2 mara 9.81 mara tofauti hiyo. Tofauti ya mita 0.30, inayovumiliwa na samoni, hutoa mita 2.4 kwa sekunde, mita 0.15 hutoa 1.7, mita 0.08 hutoa 1.25. Kwa samaki wa sentimita 12 au 13, tunachagua 0.08. Gawanya 1.2 kwa 0.08, upate hatua 15, yaani kuta 15 zenye mianya na vidimbwi 14 kati yake.

Mwanya uwe na upana wa mita 0.15 na maji ya kina cha mita 0.5. Mtiririko ni kigawo cha takriban 0.65, mara upana, mara kina, mara kasi: 0.65 × 0.15 × 0.5 × 1.25, ambayo ni mita za ujazo 0.061, au lita 61 kwa sekunde. Nguvu inayomwagwa katika kila kidimbwi ni 1000 × 9.81 × 0.061 × 0.08, karibu wati 48. Kidimbwi kikiwa kidogo, nguvu hiyo huyageuza maji kuwa povu na msukosuko ambamo samaki mdogo hupoteza mwelekeo. Samoni huvumilia hata wati 200 kwa kila mita ya ujazo. Kwa samaki wadogo nenda wati 30. Basi unahitaji mita za ujazo 1.6, na kidimbwi cha mita 2 kwa 1.6, chenye kina cha mita 0.5, kinatosha barabara. Ukiongeza unene wa kuta wa sentimita 15, ngazi nzima itakuwa na urefu wa takriban mita 30.

Kwa wale walio wadogo zaidi, tandika sakafu yote kwa mawe ya ukubwa wa ngumi, yaliyoshikwa na zege, mfululizo hadi ndani ya mianya. Maji yaliyo karibu na mawe huenda polepole, na humo ndimo watakamopita.

Hatua ya 7: Mlango wa chini

Samaki anayepanda hufuata mkondo hadi asipoweza kuendelea, kisha hutafuta kando kwa kando. Harudi nyuma mita 30 kutafuta mlango. Kwa hiyo mlango lazima uwe mguuni mwa ukuta, kwenye kingo, karibu kadiri iwezekanavyo na mahali pa mwisho anapoweza kufika. Na kwa kuwa ngazi yetu ina urefu wa mita 30, ni lazima ikunjwe irudi yenyewe, au sehemu kubwa yake ijengwe upande wa juu wa ukuta. Ngazi iliyonyooshwa kuelekea chini ni rahisi kuijenga, na ndiyo inayopitwa na samaki wote bila kuonwa. Ukuta ukiwa umekatiza mto kwa mshazari, samaki hukusanyika kwenye pembe iliyo juu zaidi ya mto. Weka mlango kwenye pembe hiyo.

Pili, mlango usikike. Maji yanayotoka yawe mkondo ulionyooka, wenye kasi ya karibu mita 1 kwa sekunde, usiofunikwa na povu la maji yanayoanguka ukutani, na yawe asilimia 5 hadi 10 ya mtiririko wa mto wakati wa kupanda. Lita zetu 61 zinatosha mto ukiwa na lita 600 hadi 1,200 kwa sekunde. Ukizidi hapo, ongeza maji kwa bomba la kando linaloingia kidimbwi cha chini kabisa kupitia wavu, taratibu, ili samaki asidanganyike akalifuata bomba.

Karibu na hori, sanifu mlango kwa saa ya maji ya kujaa, kwa kuwa ndipo mikunga wadogo na mikizi wanapofika. Weka milango miwili ya vimo tofauti ikiwa maji hupanda na kushuka sana. Nondo zifunikwe kwa zege lisilopungua milimita 75 kwa sababu ya chumvi, na mianya ikaguliwe, maana chaza hushika na kuipunguza.

Hatua ya 8: Mlango wa juu na safari ya kushuka

Sakafu ya mlango wa juu iwe nusu mita chini ya kizingiti cha ukuta, ili maji ya mwisho ya msimu yapite ngazini kwanza. Uwe mbali na mahali maji yanapomwagika, samaki aliyechoka asirudishwe chini. Weka kizuia takataka chenye nafasi pana, kwa kuwa makuti, vifuu na chupa za plastiki huja na maji ya kwanza. Pampu ikichota maji hapo, ifungiwe chekeche la matundu ya milimita 10 au chini, na iachwe njia ya pembeni. Mikunga wazima hushuka kwenda baharini usiku wa mafuriko, nao ni warefu, huumia upesi.

Hatua ya 9: Vibali

Kazi yoyote inayobadilisha mto huhitaji kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na mamlaka ya rasilimali za maji kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016. Fanya hivyo kabla ya kuchimba. Kaeni pia na kikundi cha wavuvi mkubaliane kwamba hapategwi ndani ya ngazi wala karibu na milango yake, kwani mtego mmoja wa dema hapo hunasa mto mzima.

Hatua ya 10: Jaribu, rekebisha, tunza

Usimwage zege la kuta za ndani moja kwa moja. Acha mifuo ya kuchomekea mbao, ujaribu kwa mbao msimu mmoja, uzisogeze mpaka tofauti kati ya kila kidimbwi na kinachofuata iwe sentimita 8 kweli kwa fimbo, ndipo uzifanye za kudumu. Wakati wa kupanda, weka mtego wa wavu kwenye mlango wa juu kwa usiku mmoja na mwingine chini ya ukuta, uhesabu na kupima urefu wa waliomo kabla ya kuwaachia. Wakubwa wakifika juu na wadogo wakabaki, kasi ni kubwa. Ongeza mawe sakafuni au punguza kimo cha kila hatua. Wasipofika hata wakubwa, huku chini wamejaa, usiguse vidimbwi: nenda kwenye mlango wa chini, ugeuze mbao za mkondo, na upime tena usiku unaofuata.